Orodha ya Sitney na Kanda za Kibanda Umiza

P. Adams Sitney, msomi wa Marekani aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake ya kazi kuzieleza filamu ambazo watu wengi hawatazitazama hata mara moja. Alianza kuhariri jarida la sinema ya majaribio akiwa kijana mdogo mjini New Haven, akafundisha Princeton kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka 1974 akachapisha Visionary Film, kitabu ambacho mchunguzi wa sinema huru ya Marekani hawezi kukikwepa, hata kama ni kwa kukipinga.

Wanaomsifu wana hoja nzito. Kazi za watengenezaji wa filamu za majaribio kama Maya Deren au Stan Brakhage hazikuwa na studio ya kuzitunza, na mwaka 1970 Sitney, pamoja na mtengenezaji filamu Jonas Mekas na wenzao, walianzisha hifadhi ya filamu ya Anthology Film Archives jijini New York ili zihifadhiwe na kuonyeshwa. Lawama inaanzia hapohapo, kwa kuwa jopo la wanaume watupu, yeye akiwamo, ndilo lililoamua filamu zipi ni za lazima na kuziweka katika orodha ya hifadhi hiyo. Wanawake katika orodha ile ni wa kuhesabika, na mwongozaji wa Senegal Ousmane Sembène, aliyekwisha kutoa La Noire de... mwaka 1966, hayumo. Watetezi hujibu kwamba orodha ilikusudiwa kuongezwa na haikukamilika. Jibu hilo ni la kweli, ila halielezi kwa nini waliotangulia kuingia walikuwa hao.

Hapa Dodoma suala hili halipo mbali. Katika vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya mitaa kama Chang'ombe na Majengo, filamu za kigeni zilitazamwa kwa sauti ya watafsiri kama Lufufu, ambao hawakutafsiri tu bali walitunga mazungumzo upya, wakaongeza utani na mafumbo ya kwetu. Kwangu mimi hiyo ni sinema huru, ingawa wapo watakaoiita uharamia, na kisheria hawajakosea. Kanda za VHS huharibika, na vumbi la Dodoma halina huruma. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma akizikusanya, ataziona kwa macho yake na kupendelea zake. Hatari hiyo naikubali, kwa sababu uteuzi wa Sitney tunaweza kuubishia leo kwa kuwa filamu zenyewe zipo. Ninachomwomba ni kwamba aanze na kanda zote, pamoja na zile mbovu zenye kelele za watazamaji, aandike jina la kila mtafsiri, na ladha yake aizuie hadi boksi la mwisho lifunguliwe.