Hii ni pai au supu iliyovaa kofia?

Hivi jamani nani aliwaambia hawa watu wa huku Uingereza kwamba ukichukua bakuli la mchuzi ukalifunika na kipande cha unga basi tayari ni pai?? Juzi mchana nimetoka kazini njaa inauma mpaka naona nyota, nikaingia mgahawa mmoja hapa London kazi yao ni pai tu, nikaagiza ya kuku na uyoga, paundi 16. Nimesubiri weeee. Ikaja. Nachoma uma hivi, kofia ikatumbukia kwenye mchuzi kama mtu kateleza kisimani, chini hakuna kitu! Pembeni hakuna kitu! Sasa unga wangu uko wapi?

Mbona sambusa haina mambo haya? Ushawahi kuona muuza sambusa anakupa nyama kwenye kikombe halafu kipande kimoja cha manda kimelazwa juu? Si mtaa mzima ungejaa?

Na hawa hawa Waingereza wanajua kupika pai bwana, nenda zile sehemu za zamani za East End, huko mashariki mwa London, pai ina chini, ina ubavu, ina juu, na viazi vya kuponda na ule mchuzi wa kijani wa majani ya pasli wanaouita liquor (hauna pombe, msiogope). Sasa huyu wangu kakwama wapi?

Halafu dada wa watu anakuja anatabasamu, eti pai ikoje? Nikamwambia tamu sana, asante. Ulimi wenyewe umeshaungua.