Kwa nini Dodoma inanitaka niwe na msafara?

Jumamosi nilikaa kwenye benchi ndani ya Tate Modern, hapa London, mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna mlinzi aliyenijia kuniuliza nina shida gani. Mtanzania mwenzangu, unajua uzito wa jambo hilo. Nilikuwa peke yangu, sina barua ya utambulisho, sina mwenyeji, wala sikuulizwa nimemfuata nani. Kuingia ni bure.

Jengo lenyewe lilikuwa kituo cha kufua umeme kabla ya kufunguliwa kama nyumba ya sanaa mwaka 2000. Mimi nilifuata chumba cha mchoraji Mark Rothko. Ni picha kubwa zenye wekundu ulioiva hadi kukaribia weusi, hazina mtu wala mnyama. Alizichora mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgahawa wa matajiri kule New York, kisha akakataa kuwapa. Zilifika London mwaka 1970, siku ileile mchoraji alipokutwa amekufa. Nilipozikazia macho nikaona ngeu, ule udongo mwekundu wa kuchorea. Ngeu ya Kolo, ile ile iliyo kwenye miamba ya Kondoa, mkoani Dodoma, ambako wawindaji wa kale walichora twiga, pofu na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuza picha kwa mwenye hoteli. Hapo ndipo hasira iliponipanda.

Kwa sababu mimi ni mtoto wa Makole, Dodoma mjini. Nimekua nikisikia Kondoa ina michoro, UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2006, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili miaka ya 1950. Sasa niambie, mtu mmoja, siku yake ya mapumziko, anafikaje? Lami ya Kondoa ipo, nashukuru. Basi litakushusha Kolo. Baada ya hapo ni ofisini ukalipe na upewe mwongozaji, jambo jema kabisa, maana miamba ile inahitaji ulinzi. Lakini kutoka barabarani hadi Mungumi, kwenye miamba yenyewe ya michoro, kuna kilomita kadhaa za njia mbovu, halafu mlima. Kila ukiuliza, jibu ni moja: tafuteni gari. Tafuteni, kwa wingi. Ukisema uko peke yako unatazamwa kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Dada, huna hata rafiki? Mumeo yuko wapi?

Najua mtakachosema. "Ulaya imempa kiburi." Kiburi gani? Jikoni kwangu kuna mlenda mkavu aliousaga mama, na ninausonga ugali wake kwa mikono hii. Sijasema London ni bora kuliko Dodoma. Tena tukija kwenye chakula, London ikae pembeni.

Nilipotoka Tate nilitembea kando ya mto Thames mpaka Borough Market, soko ambalo watu huja kutoka kila pembe kula. Jibini, chaza, mikate, vyakula vya nchi za watu, harufu tamu kweli. Nikanunua sahani kwa bei ambayo kwenye soko letu la Majengo, Dodoma, ingelisha ukoo. Nikala nimesimama, nimeegemea nguzo, mwenzangu wa kushoto kaegemea nguzo hiyohiyo, na hatukusemeshana hata neno. Wote tulikuwa peke yetu na wote tulitazama simu. Ule upweke ulioninyoosha moyo mbele ya picha ukawa mchungu mbele ya sahani.

Nenda mnada wa Msalato, kule Dodoma, Jumamosi hiyohiyo. Unaagiza mbuzi wako, nusu kilo au robo, unasogezewa nafasi kwenye benchi la watu usiowajua, na kabla chumvi haijafika umeshaulizwa mvua kwenu imenyeshaje. Mama ntilie akikuona umesimama anapiga kelele, "Karibu dada, sogeeni hapo!" Msimu ukiwa wa zabibu, mwenye beseni anakuonjesha kwanza, ukiondoka bila kununua hakulaumu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa nini nakula peke yangu pale, kwa sababu pale hakuna anayekula peke yake. Mambo haya tunayafanya vizuri kuliko mtu yeyote, na sikubali mtu aniambie nimeyasahau.

Ndiyo maana naumia. Watu wanaojua kumkaribisha mgeni mmoja kwenye sahani, wanashindwaje kumkaribisha kwenye picha?

Mwingine ananiambia, "Watu wanalilia maji, wewe unalilia benchi." Maji nayajua, nimebeba ndoo. Lakini huu ni mji uliopewa heshima ya makao makuu tangu 1973 na hadhi ya jiji 2018. Tumejenga mji wa serikali Mtumba, tumejenga stendi, tumejenga soko jipya Nzuguni. Fedha za zege huwa zinapatikana. Makumbusho ya Taifa yapo Dar, Arusha, Songea, Butiama. Nitajieni nyumba moja Dodoma ambayo mtu akishuka kwenye SGR asubuhi anaingia, anakaa, anatazama nakala za michoro ya Kondoa, anasikia ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, la mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Nzali ambaye Wazungu walimlipia tiketi wamsikilize. Nitajieni.

Na yuko atakayesema, tena huyu namheshimu, kwamba Mungumi si mahali pa kuchezea, wazee bado wanafanya matambiko ya mvua pale. Sawa. Kwa hiyo sitaki benchi chini ya mwamba, wala sitaki watu wapande kama wanakwenda sokoni. Wazee wa Kirangi, wenyeji wa pale, ndio waseme wageni waingie lini na wasimame wapi. Ila mzee akisema "njooni Jumamosi", dada aliye peke yake naye awe na namna ya kufika bila kukodi Noah nzima.

Kaka yangu kanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Rudi basi ujenge wewe." Kaka, kujenga sijaomba. Naomba costa moja, Jumamosi mbili kwa mwezi, itoke stendi asubuhi na mapema, ipite Kolo, ishushe watu, iwasubiri, irudi jioni kabla mishikaki haijaisha. Mwongozaji alipwe humohumo kwenye nauli. Na siti iuzwe mojamoja. Anayetaka kuja na ukoo wake anunue siti kumi, hakuna anayemkataza. Mimi niuziwe yangu moja, ya dirishani, na kondakta asiniulize niko na nani.