Boksi lililofungwa linasingiziwa

Mtu anayetaka kujitengenezea sabufa, yaani spika ya besi, huambiwa mapema sana kwamba boksi lililofungwa pande zote "halina besi", na kwamba besi ya kweli hutoka kwenye boksi lenye bomba la kupitishia hewa. Kauli hiyo si uongo mtupu. Ni nusu ya hesabu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu zaidi mtu mwenye msumeno mmoja, sebule moja na spika moja.

Tuchukue spika ya mfano ili tusibishane hewani: inchi 10, Fs (masafa inayovuma yenyewe) 30 Hz, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, Qts (kipimo cha jinsi mvumo huo unavyodhibitiwa) 0.40, Vas (ujazo wa hewa wenye ulegevu sawa na wa spika) lita 60. Si bidhaa ya kampuni yoyote, ni namba za kukokotolea tu. Ukiifunga ndani ya lita 28, Q, yaani kipimo hichohicho cha mvumo lakini cha spika na boksi kwa pamoja, inafika 0.707, kiwango ambacho sauti hushuka taratibu bila kuvimba popote, na ikifika 53 Hz inakuwa imepungua desibeli 3. Spika hiyohiyo ndani ya lita 58, na bomba lililokatwa livume kwenye 29 Hz, haipungui kiasi hicho mpaka 28 Hz. Hiyo ni karibu oktava nzima, yaani masafa yameshuka karibu nusu. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hupiga 41 Hz. Boksi la bomba linautoa kamili, lililofungwa limeshapungukiwa karibu desibeli 6.

Kwa hiyo wapenzi wa bomba wana hoja, tena nzito. Karibu na masafa ya bomba, hewa iliyomo ndani yake ndiyo inayofanya kazi, koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, karibu inasimama, na upotofu wa sauti unapungua. Ili boksi lililofungwa lifikie nguvu hiyo huko chini, mara nyingi utalazimika kuongeza spika ya pili. Kwa sherehe ya uwanjani au ukumbi mkubwa sina ubishi: weka bomba. Kanuni yenyewe ni ya zamani, Albert Thuras wa Bell Labs aliipatia hataza mwaka 1932, na tangu Neville Thiele alipochapisha hesabu zake Australia mwaka 1961, kisha Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, hakuna sababu ya kubahatisha. Wanaosema besi ya bomba "inachelewa" wanarudia lawama ya maboksi ya enzi za kubahatisha. Nitalitetea boksi lililofungwa bila hoja hiyo.

Kinachosahaulika ni kwamba hewa iliyofungiwa ni springi. Edgar Villchur alijenga spika yake ya AR-1 mwaka 1954 juu ya wazo hilo: acha koni ining'inie kwa ulegevu, kisha hewa ya ndani ifanye kazi ya kuirudisha. Hewa hurudisha kwa usawa zaidi kuliko kitambaa na mpira. Katika mfano wetu, springi ya hewa ya lita 28 ina ukakamavu maradufu ya ule wa spika yenyewe, na hapo fundi wa nyumbani anapata zawadi ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote. Boksi linamsamehe.

Tuseme umesahau kuhesabu nafasi inayoliwa na sumaku na mbao za kukazia, lita zikapungua kwa asilimia 10. Q inapanda kutoka 0.707 hadi 0.73, na pale sauti inapopungua desibeli 3 panabaki karibu 53 Hz. Hakuna sikio litakalogundua. Tuseme basi karatasi ya vipimo iliyokuja na spika ilitia chumvi nguvu ya sumaku, na Qts halisi ni 0.48 badala ya 0.40. Q ya mfumo inafika 0.85, na uvimbe unaozaliwa haufiki hata nusu desibeli. Makosa mawili ya kawaida kabisa, na besi bado ni besi.

Sasa chumba. Michoro yote ya kulinganisha maboksi huchorwa kana kwamba spika iko mahali pa wazi, lakini sabufa ya nyumbani haisikilizwi jangwani. Chumba chenye urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa kwanza kwenye 34 Hz hivi, na chini ya hapo kinaanza kubeba shinikizo kama mtungi na kuinua besi. Kwa nadharia, chumba kisichovuja kabisa huinua hadi desibeli 12 kwa oktava. Milango na madirisha hupunguza sana kiasi hicho. Boksi lililofungwa hushuka desibeli 12 kwa oktava. Lile la bomba hushuka 24. Unaona mteremko upi chumba kinaweza kuujazia, na upi hakiwezi.

Na hapo kwenye 34 Hz penyewe, ambapo chumba kinavimba na glasi kabatini zinaanza kulia, boksi letu lililofungwa limeshashuka desibeli 8. La bomba linatoa sauti kamili. Mvumo mmoja unaofunika noti zote, ule ambao watu huuita "besi nzito" kwa wiki ya kwanza na "kelele" kwa wiki ya pili, mara nyingi ni boksi zuri la bomba likigongana na chumba kidogo. Ndani ya gari mambo yanaegemea upande uleule zaidi, kwa kuwa nafasi ya mita 2.5 inaanza kuinua besi kwenye 69 Hz.

Wapenzi wa bomba wana jibu la maana hapa, nami nalikubali: kupunguza kwa ekwalaiza ni bure, kuongeza kunagharimu. Anayetaka kuliinua boksi lililofungwa desibeli 12 huko chini anahitaji amplifaya yenye nguvu mara 16, na koni lazima isafiri mara nne zaidi kwa kila oktava inayoteremka kama sauti itabaki ileile. Mwenye maikrofoni ya kupimia, programu na subira ya kuutafuta mvumo na kuukata, ajenge la bomba. Atakuwa na akiba ambayo mwenye boksi lililofungwa hana. Ila wengi wanaojenga kwa mara ya kwanza hawana maikrofoni hiyo.

Halafu kuna bomba lenyewe. Hapa ndipo huwa siwezi kunyamaza, maana watu hulitaja kana kwamba ni tundu tu. Kwa lita 58 na 29 Hz, bomba la kipenyo cha sentimita 7.5 linahitaji urefu wa sentimita 22. Hilo linaingia bila shida. Lakini kipenyo hicho ni kidogo: ukiongeza sauti, hewa inapita kwa kasi na bomba linaanza kupuliza kama mtu anayepoza uji. Wengi hujaribu kutovuka mita 17 kwa sekunde. Basi unahamia sentimita 10, kasi inashuka karibu nusu, na urefu unakuwa sentimita 41. Boksi la mraba la lita 58 lina sentimita 39 kwa ndani kila upande. Bomba haliingii likiwa limenyooka, na ncha yake ya ndani inataka nafasi ya kupumua kabla ya kufika ukutani, kwa hiyo unaanza kutafuta kona za kulikunjia. Ukisema hapana, nataka hewa itulie kabisa, niwekee sentimita 15, urefu ni sentimita 98. Karibu mita nzima! Bomba hilo linabeba lita 17 peke yake, ambazo lazima uziongeze kwenye boksi, na linapiga filimbi yake yenyewe kwenye 165 Hz hivi, mahali ambapo sauti ya mwanamume inaishi. Boksi langu la kwanza lilikuwa la bomba. Nilikata bomba lake mara tatu, na mara ya tatu bomba likawa fupi mno.

Ipo njia ya kulikwepa tatizo hili, nayo ni koni tulivu, ile isiyo na sumaku wala koili, inayofanya kazi ya bomba kwa uzito wake. Ni suluhisho safi kwa mwenye fedha ya kununua koni ya ziada. Maboksi ya vyumba viwili na ya tarumbeta siyagusi. Anayeanza asiyaguse pia.

Chini ya masafa ya bomba kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye mchoro wa sauti. Katika mfano wetu mistari ya maboksi mawili hukutana karibu na 16 Hz, yote ikiwa desibeli 21 chini. Hakuna aliyeshinda, lakini hali ya koni ni tofauti kabisa: iliyofungwa bado imeshikwa na hewa, ya bomba inapepea kama haina boksi. Mlipuko mmoja wa filamu unaweza kuitoa nje ya mipaka yake. Ndiyo maana boksi la bomba linahitaji kichujio cha kuzuia masafa hayo kabla ya amplifaya, na amplifaya nyingi hazina.

Kwa sebule ya kawaida, kazi ya kwanza na mtu asiye na vifaa vya kupimia, mimi ningefunga. Anayebaki na shaka ana njia isiyomharibia ubao: ajenge zile lita 58 na bomba la sentimita 10 lililokunjwa, kisha alizibe kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki hadi hewa isipite. Likizibwa linakuwa boksi lililofungwa lenye Q ya 0.57, legevu kidogo kuliko letu la lita 28, na kwenye 20 Hz linatoa karibu desibeli 3 zaidi yake. Asikilize hivyo kwa wiki moja, muziki anaoujua, kwenye kiti chake cha kila siku, kisha avute kizibo.