Anayecheza Gemu Usiku Kucha Hajaikimbia Siasa

Kwenye ghala ninakofanya kazi za usiku, pembeni mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, yuko kijana wa miaka 24 ambaye saa nane za usiku, wakati wa mapumziko, hukaa na simu yake akapanga vita. Ni vita vya World of Warcraft, gemu ya kwenye mtandao. Ana kundi la watu ishirini waliotawanyika kuanzia Texas hadi Kanada. Anajua nani anaingia kazini saa ngapi, nani amenuniana na nani, na nani alilalamika wiki iliyopita kwamba nyara ziligawanywa kwa upendeleo. Nimewahi kumsikia akisuluhisha ugomvi wa namna hiyo kwa robo saa nzima, kwa sauti ya chini, kila mtu akipewa nafasi yake ya kusema. Kijana huyo, hadi Novemba 2024, alikuwa hajapiga kura hata mara moja maishani.

Nilimsimulia habari zake mzee mmoja wa kwetu anayeishi huku tangu miaka ya tisini. Alitikisa kichwa. "Mwanangu, hawa watoto wamelishwa michezo wakashiba. Mtu aliyeshiba hadai kitu."

Hoja ya mzee si ya kupuuzwa. Mwaka 2017 wachumi Mark Aguiar, Mark Bils, Kerwin Charles na Erik Hurst walitoa utafiti uliozungumzwa sana Marekani: kati ya mwaka 2000 na 2015, saa za kazi za wanaume wa miaka 21 hadi 30 zilipungua kwa asilimia 12 hivi, zaidi ya zilivyopungua kwa wanaume waliowazidi umri. Sehemu kubwa ya muda uliobaki iliishia kwenye gemu na kompyuta. Kati ya vijana hao wasiokuwa na kazi, wapatao theluthi mbili waliishi kwa wazazi au ndugu wa karibu. Ongeza filamu za mashujaa wanaookoa dunia kila msimu wa joto, ongeza podikasti za saa tatu, na mtu ataona kabisa kizazi kilichoamua kuhamia kwingine.

Kuna kubeti pia, na hapo mimi na mzee hatubishani. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa ikizuia majimbo mengi kuhalalisha kubeti michezo, na ndani ya miaka michache mchezo huo ukawa kwenye simu za mamilioni ya vijana. Ghalani kwetu siku ya mshahara naona mikeka ikisukwa kabla watu hawajavua makoti. Gemu angalau humpa kijana marafiki. Kubeti humchukulia kodi ya nyumba, na anayemwuzia amemsoma tabia zake kuliko mama yake mzazi anavyozijua.

Hoja inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni ya wasichana. Wana simu zilezile na kodi zilezile za kulipa, lakini wanapiga kura kwa wingi kuliko wavulana wa rika lao. Kwa Wamarekani wote kwa jumla, wanawake wamewazidi wanaume kwa kiwango cha kupiga kura katika kila uchaguzi wa rais tangu 1980. Kama kosa si la kijana bali ni la mlango, yaani njia ya kumfikisha kwenye kura, mbona dada mtu amepita na kaka mtu amebaki nje?

Nitalirudia swali hilo. Kwanza nataka tukae kidogo na mwaka 2020, kwa sababu nadhani watu wameupita haraka mno.

Kituo cha utafiti cha CIRCLE, kilichoko Chuo Kikuu cha Tufts, hukadiria kila baada ya uchaguzi ni vijana wangapi wa miaka 18 hadi 29 waliopiga kura. Mwaka 2016, uchaguzi wa rais, walikuwa asilimia 39. Mwaka 2020, asilimia 50. Sasa kumbuka mwaka 2020 ulikuwaje. Ugonjwa ulikuwa umewafungia watu ndani. Mauzo ya gemu yalivunja rekodi. Kijana ambaye zamani angecheza saa mbili alicheza nane, maana hakuwa na pa kwenda. Ikiwa gemu ndizo zinazoua hamu ya siasa, mwaka huo ndio ungekuwa wa kuizika. Badala yake, nusu ya vijana walipiga kura, kiwango ambacho ni nadra kufikiwa tangu umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 18 mwaka 1971.

Mtu atasema mwaka ule haukuwa wa kawaida, na ni kweli. Trump alikuwa kwenye karatasi ya kura. George Floyd aliuawa hapahapa Minneapolis tarehe 25 Mei, na mitaa yetu ilifuka moshi kwa siku kadhaa. Lakini kuna jambo jingine lililobadilika mwaka huo, lisilo la hasira wala la msiba: majimbo kadhaa yalimtumia kila mpigakura aliyeandikishwa karatasi ya kura nyumbani kwa posta. Kura ilimfuata kijana chumbani alimokuwa amekaa na gemu yake, naye akapumzika kidogo, akaijaza, akairudisha. Kupiga kura ni kazi ya saa moja, mara moja kwa miaka miwili. Hakuna gemu inayokula muda wote hadi hiyo saa moja ikose nafasi.

Na chumba kile hakikuwa pango. Tarehe 20 Oktoba 2020, Alexandria Ocasio-Cortez, mbunge wa New York, na Ilhan Omar, mbunge wetu wa Minneapolis, walikaa wakacheza gemu ya Among Us moja kwa moja kwenye Twitch, mtandao wa kutazama watu wakicheza gemu, huku wakihimiza watu wapige kura. Wakati fulani watazamaji walizidi 400,000 kwa mpigo. Ni nadra mkutano wa hadhara kukusanya umati huo. Wanasiasa hao waliona kile ambacho wenzao wengi hawajakiona, kwamba pale ni kijiwe kama vijiwe vingine: watu hutaniana, hubishana, na ukienda kwa adabu hukusogezea kiti.

Sasa nirudi kwenye mlango. Kila mwanaume wa Marekani akifika miaka 18, sheria inataka jina lake liwe kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini vita vikizuka. Wasichana hawadaiwi hilo. Uandikishaji jeshini kwa lazima ulikoma mwaka 1973, lakini orodha ilirudishwa mwaka 1980 na ipo hadi leo. Katika majimbo mengi jina lako huingizwa humo ukienda tu kuchukua leseni ya udereva. Kwa hiyo serikali inajua kumtafuta kijana huyu, inajua anwani yake na siku aliyozaliwa. Ikifika zamu ya kura, maeneo mengi humwachia mwenyewe atafute fomu na tarehe ya mwisho, na akihama aanze upya. Sijawahi kusikia mtu akisema vijana hawajali vita kwa kuwa wengi wao wapo kwenye orodha ile. Wapo kwa sababu kuna mtu aliyehakikisha wapo.

Ndipo linapokuja jibu la swali la dada na kaka, ingawa sidai kwamba linamaliza yote. Kampeni za Marekani hufanya kazi na daftari la wapiga kura. Wanaojitolea hupewa majina ya watu ambao rekodi inaonyesha wamewahi kupiga kura, na hao ndio wanaogongewa mlango na kupigiwa simu. Asiyewahi kupiga hagongewi, na kwa kuwa hagongewi, hapigi. Kampeni nyingi za kuandikisha vijana hufanyika vyuoni, na vyuoni wasichana ndio wengi. Isitoshe, Juni 2022 Mahakama ya Juu iliondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Msichana wa miaka 20 alionyeshwa waziwazi kwamba waliomo madarakani wanaweza kuugusa mwili wake. Kijana wa ghalani hakugongewa, hakuandikishwa, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu kinachobadilika kwa kura yake. Kwenye gemu, akifanya kazi wiki nzima anaona matokeo Ijumaa.

Minnesota tuna ushahidi wa mambo haya tangu mwaka 1998. Jesse Ventura, mcheza mieleka wa zamani aliyeingia kwenye filamu, aligombea ugavana kwa chama cha tatu, nje ya vile viwili vikubwa. Wapinzani wake walikuwa Norm Coleman, meya wa Saint Paul, na Hubert Humphrey III, mtoto wa aliyekuwa makamu wa rais. Wachambuzi wengi walimwona kichekesho. Vijana waliokuwa wamemtazama ulingoni walifurika vituoni, wengi wakijiandikisha siku hiyohiyo, maana sheria yetu inaruhusu hilo tangu miaka ya sabini. Alishinda kwa asilimia 37 hivi. Kama alikuwa gavana mzuri, watu wanabishana hadi leo, na mwaka 2002 hakugombea tena. Ninachokitazama mimi ni kwamba burudani ndiyo iliyowaleta, na sheria ndiyo iliyowapokea. Kama kingekosekana kimoja wangebaki nyumbani, nasi tungesema hawajali.

Linganisha na 2024. Tarehe 25 Oktoba Trump alizungumza na Joe Rogan, mwenye podikasti maarufu, kwa karibu saa tatu, mamilioni ya vijana wakasikiliza, na kwenye kura Trump aliwapata karibu nusu au zaidi ya wanaume wa chini ya miaka 30, kutegemea unasoma hesabu ya nani. Wengi walio upande wa pili walikasirika, wakasema vijana wamelaghaiwa na podikasti. Mimi pia yapo mambo mengi yaliyosemwa mle nisiyoyakubali, na mtu anayechagua kiongozi kwa sababu ya ucheshi wa saa tatu ananitia wasiwasi. Ila yule aliyekwenda kijiweni alisikilizwa, na mpinzani wake, Kamala Harris, hakwenda kwa Rogan. Na mazungumzo yale yalirekodiwa Austin, Texas, jimbo lililokuwa limefunga daftari tangu tarehe 7 Oktoba. Kijana wa Austin aliyeamka kisiasa usiku ule, na ambaye hakuwa ameandikishwa, alikuwa amechelewa kwa siku kumi na nane. Huyo naye atahesabiwa miongoni mwa wasiojali.

Jumanne ya tarehe 5 Novemba 2024 tulitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, mimi na yule kijana. Nikamuuliza kama atapiga kura. Akasema amehamia nyumba mpya mwezi uliopita, leseni ina anwani ya mama yake, kwa hiyo basi tena. Nikamwambia Minnesota unaandikishwa palepale kituoni, na kama huna karatasi ya anwani, mtu wa eneo hilohilo aliyeandikishwa anaweza kula kiapo kwamba unaishi hapo. Alisimama katikati ya maegesho akanitazama. Kisha akampigia mwenzake wa nyumbani, ambaye ni mmoja wa wale ishirini wa kundi lake, akamwamsha. Saa moja kituo kilipofunguliwa walikuwa kwenye foleni.

Usiku ule alikuja kazini na ile stika nyekundu ya waliopiga kura kifuani. Sikumuuliza amempigia nani. Alisema ana miaka sita tangu atimize kumi na minane, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba inawezekana siku hiyohiyo.