Magoli 195 ya Maartje Paumen: ukubwa wa mchezaji au ukubwa wa kona fupi?

Maartje Paumen aliagana na timu ya taifa ya Uholanzi mwaka 2016 akiwa na magoli 195 katika mechi 235. Kwa straika yeyote wa mpira wa magongo hesabu hiyo inatisha, na Paumen hakuwa hata straika. Alicheza kiungo, mara nyingine beki. Sehemu kubwa ya magoli hayo ilitokana na kona fupi, yaani pigo la adhabu kwa kosa la walinzi karibu na goli lao, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaomweka kwenye safu ya wanawake bora kabisa waliowahi kushika gongo. Wengine wanasema alikuwa mpigaji tu, anayekuja kumalizia jasho la wenzake.

Hao wa pili wana hoja. Kona fupi inaanza na mshambuliaji mmoja kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka nguzo ya goli. Anausukuma mpira hadi nje ya nusu duara iliyo mbele ya goli, ambayo ukingo wake uko mita 14.63 kutoka golini. Wa pili anautuliza kwa gongo. Wa tatu, ambaye ni Paumen, anapiga. Wanaolinda hawazidi watano, kipa akiwemo; wenzao wote wako ng'ambo ya mstari wa kati. Sasa mpira ukija unadundadunda, au ukatulizwa upana wa kiganja tu mbele ya pale walipozoea, hatua za mpigaji zinavurugika na yule beki anayechomoka na barakoa usoni anamfikia. Goli moja lina watu watatu ndani yake. Linaloandikwa ni jina la mmoja.

Lakini kazi ya huyo wa tatu si ya kila mtu. Akiupiga mpira kwa kuuchapa, shuti hilo la kwanza sharti livuke mstari wa goli bila kuzidi sentimita 46 kwenda juu, yaani kimo cha ule ubao wa chini ya goli. Akiuburuta kisha akaurusha, kikomo hicho hakimhusu: goli lote la mita 2.14 kwenda juu ni lake. Ndiyo maana mburuto ukawa silaha. Anakuja kwa hatua ya kupishanisha, mguu wa kulia ukipita nyuma ya wa kushoto, kiuno chini kabisa. Mpira anauchota ukiwa bado nyuma, karibu na mguu wa kulia, unateleza kwenye gongo huku nyonga ikigeuka, na kiganja ndicho kinachoamua pembe dakika ya mwisho. Akiuchota mbele mno, njia ya kuburuta inakuwa fupi na mpira unatoka mlegevu. Akiinuka mapema, unapaa juu ya mtambaa panya. Nyonga ikichelewa, mzigo wote unahamia mgongoni, na huo mgongo ndio gharama ya kurudia zoezi hili siku baada ya siku.

Kuna faida nyingine ambayo hesabu ya magoli haiionyeshi. Mpira ukimgusa beki mguuni ndani ya nusu duara ni kona fupi. Gongo likigonga gongo la mshambuliaji, vilevile. Beki anayejua kwamba Paumen yupo uwanjani anaingia kwa woga, na woga wa beki ni nafasi kwa washambuliaji wa Uholanzi.

Tuje kwenye mashindano. Olimpiki ya Beijing 2008 alifunga magoli 11, lakini fainali dhidi ya China, 2-0, ilifungwa na Naomi van As na Maartje Goderie. Wabishi wanapenda kuitaja fainali hiyo. Wasichosema ni jinsi timu ilivyofika huko. Kombe la Dunia 2010 mjini Rosario alitikisa nyavu mara 12 na bado Argentina wakabeba kombe, 3-1. Olimpiki ya London 2012 na Kombe la Dunia la The Hague 2014, fainali zote mbili ziliisha 2-0 kwa Uholanzi, na zote mbili jina lake limo. Tuzo ya mchezaji bora wa dunia aliichukua 2011 na 2012.

Hoja nzito zaidi dhidi yake, kwangu, ni yaliyofuata alipoondoka. Fainali ya Olimpiki ya Tokyo, 3-1 dhidi ya Argentina, magoli yote matatu ya Uholanzi yalitokana na kona fupi, mawili yakiwa ya Caia van Maasakker. Paris 2024 akaja Yibbi Jansen, akasawazisha kwenye fainali kwa njia ileile. Kumbe kiwanda kipo, na bila Paumen kinaendelea kuzalisha. Mimi nasoma hivi: nafasi ile inazibika, ila wachache wangeishika karibu muongo mzima huku wakicheza mechi kamili kama kiungo.

Kisha kuna Olimpiki ya Rio, Agosti 19, 2016, fainali dhidi ya Uingereza. Mapema tu Paumen alipewa penalti, mita 6.40 kutoka golini, kipa Maddie Hinch akaipangua. Baadaye alifunga goli, mechi ikaisha 3-3. Mikwaju ya kuamua katika mchezo huu haipigwi kutoka mahali pamoja: mchezaji anaanzia mstari wa mita 23, anakimbia na mpira, ana sekunde nane za kumzunguka kipa. Hapo hakuna wa kusukuma wala wa kutuliza. Waholanzi wanne walikwenda, Hinch akawazuia wote wanne. Paumen hakuwa miongoni mwao.