Nani Anahesabu Nyimbo za Kusini?

Kila Dar es Salaam inapotoa orodha ya nyimbo bora za mwaka, vijana wa muziki hapa Mtwara hulalamika kwamba Kusini tumesahaulika tena. Wana haki ya kulalamika. Ila wa kuja kutuhesabia hayupo, na sisi wenyewe hesabu hatujaianza.

Nasema hivi kwa sababu naijua historia ya Billboard. Wengi wanalifahamu jarida hilo la Marekani kwa Hot 100, orodha yake ya nyimbo mia zinazovuma, wakadhani lilizaliwa mikononi mwa wanamuziki. Wapi! William Donaldson na James Hennegan walilianzisha Cincinnati mwaka 1894 kwa ajili ya wabandika matangazo, wale wa ndoo ya gundi na furushi la karatasi. Mwaka 1900 Donaldson akamlipa mwenzake dola 500, jarida likabaki lake. Taratibu likaanza kuwaandika wenye matangazo yenyewe: watu wa sarakasi, wa maonyesho, waigizaji wa kuzunguka mji hadi mji. Hao hawakuwa na anwani ya kudumu, basi ofisi ya jarida ikawa inawapokelea barua na kuwafikishia huko waliko. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko kote. Miaka mingi kabla ya kutangaza nani namba moja, jarida lilishajua msanii yuko mji gani.

Orodha ya santuri zinazouzwa sana ilianza 1940, Hot 100 ikaja 1958. Kwa miongo mingi mauzo yalijulikana kwa kuwauliza wenye maduka. Muuzaji anasema kwa mdomo kipi kinatoka. Akiipenda kampuni fulani, au akipewa chochote, anaipandisha. Mei 1991 orodha ya albamu ikaachana na maneno ya muuzaji, ikachukua hesabu ya kompyuta pale kaunta. Mara kantri, muziki wenye mizizi mashambani, ukapanda, na rap ya vijana weusi nayo ikapanda. Wanunuzi walikuwepo siku zote. Mwenye kalamu ndiye hakuwaona.

Sasa nenda stendi ya Masasi, simama kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Kompyuta moja, spika imegeuziwa barabarani, memori kadi zimetandazwa mezani. Bodaboda anataka singeli. Nyuma yake kuna mama ana mwali wa kumtoa, anataka ngoma za unyago, tena za upande wa kwao, na anamwimbia kijana kipande ili asikosee. Kijana anacheka, anafungua faili, anaipata. Huyo anajua Kusini inasikiliza nini kuliko mtangazaji yeyote, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Utaniambia YouTube inahesabu. Inahesabu wenye bando. Ngoma iliyokesha Newala mpaka alfajiri haimo humo. Sindimba yetu inachezwa nchi nzima, kwenye sherehe na mashuleni, lakini jaribu kumtafuta mpigaji wake umwalike Lindi Jumamosi ijayo: utapiga simu kwa shangazi, shangazi atapiga kwa jirani, na kama jirani hana chaji, basi tena.

Ninachotaka ni daftari, wala si jarida la kung'aa lenye picha za magari. Kila wiki tukusanye nyimbo zinazoombwa sana vibandani, Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa Masoko, na vibanda viwe vingi ili mmoja akihongwa asiharibu hesabu. Upande wa pili tuandike vikundi vya ngoma na bendi: kiongozi nani, namba ipi, wanachukua shilingi ngapi kwa usiku mmoja. Karatasi ibandikwe sokoni na isomwe kwenye redio zetu. Mnada wa korosho ukifunguliwa Oktoba pesa inakuwa mtaani, na wasanii wa Dar wanapanda basi kuja kuichukua. Daftari likiwa tayari kufikia hapo, mwenye ukumbi ataona kuna kikundi cha Tandahimba kinachoombwa kuliko wao, na namba ya kukipigia anayo.