Amani haisubiri mpaka uwe mtu mwingine

Watu wengi tunaoitafuta amani ya ndani tunaitafuta huku tumejikasirikia, ndo navyoona mimi. Mtu anafungua video ya meditesheni usiku, amechoka, stresi zimemjaa, na kichwani kinachopita ni kwamba lazima nibadilike, siwezi kuendelea kuwa hivi, mbona wenzangu wametulia halafu mimi kaneno kadogo tu kananikosesha usingizi. Yaani anaenda kutafuta utulivu huku anajisema vibaya njia nzima. Wiki ikiisha na utulivu hajauona anajiongezea na hilo, hata kutulia nako nimeshindwa. Kwa kweli inaniuma kuona watu wenye moyo safi kabisa kwa wengine wanavyojitendea hivyo wao wenyewe, halafu wanaona hiyo ndo bidii.

Ndo maana naipenda Zen. Ni tawi la Ubudha lililokulia China, huko likiitwa Chan, likaja kushika mizizi Japani karne ya 12 na ya 13, na kinachonivuta ni kwamba halianzi kwa kukuambia uwe mtu mwingine kwanza. Linakwambia kaa. Hapo hapo ulipo, hivyo hivyo ulivyo, kaa uangalie.

Kuna kisa cha zamani wanachopenda kukisimulia, ni cha mapokeo zaidi kuliko historia lakini kina kitu. Mtu anaitwa Huike alimwendea Bodhidharma, yule mtawa anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeipeleka Chan huko China, akamwambia moyo wangu hautulii, naomba unitulizie. Bodhidharma akamjibu, haya ulete huo moyo nikutulizie. Huike akasema nimeutafuta siupati. Akaambiwa, basi nimeshakutulizia.

Ukisoma haraka haraka unaweza kuona kama amekwepeshwa swali lake. Lakini jaribu siku ambayo wasiwasi umekushika kweli kweli, kaa umtafute huyo "mimi mwenye wasiwasi" yuko wapi. Utakuta kifua kimebana. Utakuta mabega yamepanda karibu na masikio. Utakuta kuna wazo moja kuhusu kesho, linapita, linarudi kwa maneno mengine, linapita tena. Vyote hivyo vipo na vinauma, sibishi, ila yule mtu mbovu uliyekuwa unamgombeza mchana kutwa haonekani. Kuna kubana, kuna wazo, kuna pumzi. Ugomvi wote huo ulikuwa na mtu ambaye ukimwita haji.

Sasa kukaa kwenyewe, wao wanaita zazen, ni kazi rahisi kuelezea. Unakalia mto wa mviringo mgumu kidogo, miguu umekunja, magoti yanagusa chini, au kama magoti yanagoma kalia kiti tu ila usiegemee. Mgongo wima. Mkono wa kushoto unalala juu ya wa kulia, viganja vinaangalia juu, ncha za vidole gumba zinagusana kidogo tu. Macho hayafungwi, yanaachwa nusu wazi yakiangalia chini mbele yako, na kwenye Soto, moja ya madhehebu ya Zen, watu wanakaa wameelekea ukuta. Anayeanza mara nyingi anapewa kazi ya kuhesabu pumzi, ukitoa moja, ukitoa tena mbili, mpaka kumi halafu unaanza upya. Basi, ni hivyo. Unaona kumi ni karibu. Ukifika tatu akili imeshaenda kwenye meseji ambayo hujajibu, unatunga jibu, unatunga na jibu atakalokujibu, unatunga na utakachomwambia hapo, unakuja kushtuka uko pumzi ya kumi na saba na hujui ulipitaje. Unarudi moja.

Hapo kwenye kurudi moja ndo pana mambo yote na naomba tukae hapo kidogo. Kuna kurudi kwa kusonya, we nawe umepotea tena, na kuna kurudi tu, ah nimetoka, moja. Ile ya kwanza ukiifanya dakika ishirini kila siku basi umefanya mazoezi ya kujitukana dakika ishirini kila siku, mgongo ukiwa wima. Ya pili ndo kujikubali kwenyewe. Watu wanaongea kujikubali kama vile ni uamuzi mkubwa unaufanya mara moja mbele ya kioo, mi naona ni kitendo cha nusu sekunde ambacho unakirudia mara nyingi sana, kinachosha, hakina shangwe yoyote, mpaka siku umechelewa mahali au umeharibu kazi ya watu na unagundua sauti ya kwanza kichwani haikuwa tusi. Ilikuwa tu, sawa, nimeharibu, naanzia wapi kurekebisha.

Na ndo hofu ya wengi hiyo, kwamba nikijikubali nitalegea, nitakuwa mzembe. Naielewa hofu yenyewe maana wengi tumelelewa na kusomeshwa kwa kukaripiwa, tunaamini bila fimbo mtu haendi. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, mwaka 2003 alichapisha kipimo cha mtu kujihurumia na kukifafanua kwa mambo matatu: upole kwa nafsi yako, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni vya binadamu wote, na kuyaona maumivu kama yalivyo bila kuyakuza wala kuyakimbia. La pili ndo linalosahaulika sana na kwangu ndo lenye nguvu kuliko yote. Kujilaumu kunamfungia mtu ndani peke yake, anaamini kabisa kwamba ni yeye tu duniani mwenye wivu kwa rafiki yake, ni yeye tu anayemchoka mgonjwa anayemuuguza, ni yeye tu anayejifanya anaelewa kwenye kikao. Ukijua kwamba hayo yanapita kwenye kila kichwa hulegei, unapata nguvu ya kuyaangalia, na kitu ambacho huwezi kukiangalia utakirekebishaje? Mtu anayejichukia anakimbia kosa lake au anatafuta wa kumbebesha. Aliyejikubali anaweza kusema ni mimi, samahani, na sauti isitetemeke.

Nirudi kwenye Zen. Mwaka 1223 kijana mmoja mtawa kutoka Japani, Dogen, wa miaka ishirini na kitu, alivuka bahari kwenda China kutafuta mwalimu, na ndiye baadaye aliyeipeleka Soto Japani. Alikuwa msomi, anapenda vitabu na kukaa kimya. Akiwa kwenye monasteri ya Tiantong alimwona mpishi mzee, ana fimbo ya mwanzi mkononi, mgongo umepinda, nyusi nyeupe, hana kofia, anaanika uyoga kwenye jua kali la mchana na vigae vya chini vinawaka moto. Jasho linamtoka. Dogen akamuuliza umri, akaambiwa miaka 68. Akamuuliza sasa kwa nini usimwachie msaidizi afanye? Mzee akasema, wengine sio mimi. Dogen akasema sawa mzee wangu, lakini jua hili kali, kwa nini sasa hivi? Akajibu, nisubiri saa ngapi?

Kijana alinyamaza, na jambo hilo lilimkaa. Mwaka 1237 aliandika maelekezo kwa wapishi wa monasteri, jinsi ya kuosha mchele, kuangalia mchanga na mchele kwa pamoja, kutunza vyombo na kuvirudisha mahali pake, na mule ndani anasema mpishi awe na moyo wa furaha, moyo wa mzazi na moyo mpana. Huo moyo wa mzazi ndo unaniacha hoi. Anataka ushike maji na nafaka jinsi mzazi anavyomshika mtoto wake, mzazi ambaye hajali kama yeye ni tajiri au maskini, anajali mtoto asipate baridi.

Kwa hiyo ukiniuliza amani ya ndani inapatikana wapi sitakuambia milimani. Kuna kikombe kwenye sinki sa hivi. Ukikiosha ili kimalizike uende kwenye mambo ya maana, basi hizo dakika hukuwepo, na mambo ya maana nayo utayafanya hivyo hivyo ukiwaza yanayofuata, siku inaisha hujawahi kuwepo mahali popote. Kioshe tu. Maji ya moto kwenye vidole, utelezi wa sabuni, ile alama ya chai iliyoganda chini ambayo lazima uisugue na kidole, mlio ukikigeuza kikauke. Mawazo yatakuja, yaache yaje, rudi kwenye kikombe kama unavyorudi kwenye moja. Mi sioni kama hapo kuna siri nyingine zaidi.

Ila kuna jambo linanisumbua na lazima niliseme, maana wanaoipigia debe Zen mitandaoni hawaligusi. Utulivu peke yake hautoshi. Viongozi wengi wa Zen huko Japani waliunga mkono vita vya nchi yao kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakawahimiza wanajeshi wawe na moyo mtulivu usiotetereka wanapokwenda kuua na kufa, na ilichukua mpaka miaka ya 1990 ndipo Soto ikatoka hadharani kuomba msamaha. Fikiria hilo. Mtu anaweza kukaa miaka mingi mgongo wima, pumzi imetulia, na bado akabariki mauaji. Kwa hiyo mtu akiniambia amepata amani ya ndani mi huwa nataka kujua wanaoishi naye wanasemaje.

Mfano wa upande wa pili ni Thich Nhat Hanh, mtawa wa Zen kutoka Vietnam. Vita vilipokuwa vinaendelea kwao, yeye na wenzake hawakukubali kwamba kazi ya mtawa ni kukaa kimya wakati vijiji vinalipuliwa, wakatoka kusaidia watu kujenga upya makazi yao na kuwahudumia waliokimbia. Hakuchukua upande wowote wa vita, alidai amani, na hilo lilimfanya aishi uhamishoni miongo mingi. Martin Luther King Jr. alimpendekeza kwa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1967, na mwaka 1982 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha Plum Village huko Ufaransa, wakawa wanafundisha watu kutembea polepole, kupumua, kuosha vyombo. Alifariki 2022 akiwa na miaka 95. Huyo ninapomsoma naelewa kwamba pumzi na huruma ni kazi moja, ukitulia ndo unasikia mwenzako analia, na ukishasikia huwezi kubaki umekaa.

Kwa sisi wengine huruma inakuwa midogo midogo. Umepokea meseji ya ukali kutoka kwa ndugu. Mwili unawaka kabla hujamaliza kuisoma, kidole kipo tayari. Pumua hata mara tatu, usikie ule moto usoni bila kujilaumu kwamba umekasirika, hasira ni yako na ina haki ya kuwepo. Halafu isome tena. Mara nyingi kwenye kusoma mara ya pili unaona kumbe na yeye ana hofu, ana uchovu, kuna kitu anaomba na hajui kukiomba vizuri. Hii haimaanishi ukubali kunyanyaswa, na hapa niwe wazi kabisa, kumhurumia mtu anayekuumiza hakukuzuii kuondoka, kusema hapana au kumripoti. Au mtoto anakuja kukuita ukiwa umefika pumzi ya sita. Nyanyuka ukamsikilize, mazoezi hayajakatika, yamehamia kwa mtoto.

Kuna wanaouliza kama hii si kubadili dini. Zen ni Ubudha, tusifiche, ina mapokeo yake na heshima zake. Lakini kukaa kimya na kufuata pumzi hakumdai mtu aache imani yake. Hugo Enomiya-Lassalle alikuwa padri Mjesuiti kutoka Ujerumani, aliishi Japani tangu 1929, alijeruhiwa Hiroshima siku bomu lilipoanguka 1945, alifanya zazen kwa miaka mingi mpaka akakubaliwa kuwa mwalimu, na alifariki 1990 akiwa bado padri. Kila mtu apime na dhamiri yake.

Na kuna ambao kukaa kimya kunawazidishia. Mtu aliyepitia jambo zito, akinyamaza tu picha zinarudi, moyo unaenda mbio, anahisi kama anazama. Kama ni wewe, usijilazimishe na usione umeshindwa. Fungua macho yote, simama, tembea polepole ukisikia nyayo zinavyogusa chini, hata kwenye Zen kutembea ni sehemu ya mazoezi na wanafanya katikati ya vipindi vya kukaa. Na tafuta mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, hiyo nayo ni kujihurumia na wala haipungui chochote mbele ya zazen.

Kwa anayetaka kuanza, dakika kumi zinatosha, na kama unaweza kupata watu wa kukaa nao, hata wawili, kaa nao. Ukikaa peke yako unaamini ni akili yako tu inayokimbia. Ukikaa na wenzako unasikia mmoja anakohoa, mwingine tumbo linanguruma, mwingine anahema kwa kuchoka, na kengele ikilia mkaanza kuongea kila mtu anasema alipotelea wapi.